Kuwafundisha wakulima wadogo kilimo hai: mwongozo kamili wa msimu mmoja

Kabla hujatafuta ukumbi, tafuta jembe. Nimehudhuria mafunzo mengi ya kilimo hai, yaani kilimo kisichotegemea mbolea na dawa za viwandani, mengine nimeyaendesha mwenyewe, na yaliyokwenda kombo karibu yote yalifanyika chini ya paa. Wakulima walikaa siku tatu kwenye viti, wakaandika "mboji" na "mzunguko wa mazao" madaftarini, wakapewa vyeti, wakaagana. Msimu uliofuata mashamba yao yalikuwa vilevile. Walikuwa wameelewa kila kitu, ila hawakuwa wameona chochote. Mtu ambaye sahani ya watoto wake inategemea nusu ekari haibadilishi nusu ekari hiyo kwa sababu mgeni amezungumza vizuri.

Mwongozo huu ni wa yule anayekwenda kufundisha: afisa ugani, kiongozi wa ushirika, mfanyakazi wa shirika, au mkulima aliyewatangulia wenzake. Nimeupanga kufuata msimu wa zao, kuanzia wiki kadhaa kabla ya mvua hadi baada ya mavuno. Kama una siku tatu tu za kufundisha, usizitumie zote kwa mkupuo. Zigawe ziwe nusu siku sita, uzitawanye msimu mzima.

Anza kwa kusema ukweli

Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: mavuno yatashuka? Usilikwepe. Tafiti kubwa zilizokusanya takwimu za nchi mbalimbali zimekuta kwamba kwa wastani mavuno ya kilimo hai yako chini ya yale ya kilimo cha kawaida kwa asilimia 19 hadi 25, huku tofauti ikiwa kubwa kati ya zao na zao. Mikunde na mazao ya kudumu hupungukiwa kidogo, nafaka hupungukiwa zaidi. Lakini sehemu kubwa ya takwimu hizo inatoka kwenye mashamba yaliyozoea kulishwa mbolea nyingi ya viwandani. Mkulima ambaye hajawahi kumudu mfuko mzima wa mbolea, na udongo wake umechoka, anaanzia mahali pengine kabisa. Kwake samadi iliyotunzwa, matandazo na mikunde vinaweza kupandisha mavuno. Mweleze kila mmoja hali yake, usiwape wote jibu moja.

Kisha waambie wasibadilishe shamba lote kwa mara moja. Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea na viuatilifu vya viwandani kwa nchi nzima, ghafla, wakulima wakiwa hawajaandaliwa wala hawana mboji ya kutosha. Kabla mwaka haujaisha marufuku ikalegezwa huku wakulima wakiandamana, na mavuno ya mpunga ya msimu uliofuata yakaanguka vibaya. Yaliyoikuta nchi yanaweza kuikuta kaya. Robo ya shamba yatosha kwa kuanzia.

Kuna kundi jingine linalohitaji ukweli wa namna yake: wale watakaokuambia "sisi hapa tunalima kilimo hai tangu zamani, hatutii dawa wala mbolea." Kutotia kitu si kilimo hai. Shamba linalovunwa kila mwaka bila kurudishiwa chochote linachimbwa kama machimbo. Kilimo hai ni kazi ya kujenga rutuba kwa makusudi. Shirikisho la kimataifa la kilimo hai, IFOAM, mwaka 2005 lilipitisha kanuni nne, yaani afya, ikolojia, haki na uangalifu, na hakuna hata moja inayosema "acha shamba lijiendee."

Kikundi na shamba darasa

Mbinu ya shamba darasa ilianza Indonesia mwaka 1989, chini ya mpango wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa kuwasaidia wakulima wa mpunga waliokuwa wakipuliza dawa nyingi na bado wakiliwa na wadudu. Wakulima 25 hivi wanakutana kila wiki kwenye shamba lilelile, msimu mzima, wanaangalia, wanajadili, wanaamua. Imesambaa duniani kwa sababu inafaa. Watu 20 hadi 30 ni kiasi kizuri. Wakizidi hapo, walio nyuma hawaoni kilichochimbuliwa na jembe, na asiyeona huanza hadithi zake pembeni.

Panga saa za kukutana kwa kuwauliza wanawake kwanza. Mara nyingi wao ndio wanaopalilia, wanaobeba samadi na kuchagua mbegu, na ndio wasiokuwa na nafasi asubuhi. Nimewahi kuendesha kikundi kilichojaa wanaume waliokubaliana na kila nilichosema, kumbe watendaji wenyewe walikuwa nyumbani.

Uliza pia nani analima shamba la kukodi. Mtu mwenye mkataba wa mwaka mmoja hachimbi makinga maji wala kupanda miti, na usimlaumu. Mfundishe mbinu zinazolipa ndani ya msimu mmoja: mboji kwenye mashimo ya kupandia, matandazo, mikunde ya muda mfupi.

Shamba lenyewe la kujifunzia lichaguliwe kwa macho makali. Liwe na udongo wa kawaida wa eneo hilo, liwe kando ya njia ambapo wapita njia wataliona, na ligawanywe vipande viwili vinavyopakana: kimoja kilimwe "kama tulivyozoea" na kingine kwa kilimo hai. Mita 10 kwa 10 kila kimoja inatosha. Mbegu ziwe zilezile, zipandwe siku ileile, kwa nafasi zilezile. Mwaka mmoja niliharibu somo zima kwa uzembe wangu mwenyewe: kipande cha kilimo hai kilistawi ajabu, wageni wakapiga picha, hadi mzee mmoja aliponivuta pembeni na kusema, "Mwanangu, hapo palikuwa zizi la ng'ombe miaka mingi." Kulinganisha kote kukawa bure, na kila mtu kijijini alijua isipokuwa mimi. Siku hizi nauliza historia ya ardhi kabla ya kupima hatua ya kwanza.

Mkubaliane mapema, mbele ya wote, nani atachukua mavuno, na mwenye shamba atafidiwa nini mazao yakikataa.

Mtihani usio na kalamu

Kikao cha kwanza shambani kiwe cha kupima wanachokijua, bila kumuaibisha asiyejua kusoma. Mbinu nzuri ni sanduku la kura. Unatembea shambani mapema, unachagua vitu kumi halisi: jani lenye ugonjwa, mdudu ndani ya chupa, mzizi wenye vinundu, bonge la udongo mgumu. Kando ya kila kitu unaweka swali fupi la kusomwa kwa sauti, na visanduku vitatu vyenye majibu yaliyochorwa. Kila mkulima anapewa vikaratasi vyenye namba yake, anatumbukiza kimoja kwenye sanduku analoona ni sahihi, anasonga mbele.

Swali ninalolipenda ni lile la kiluwiluwi cha mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi. Mbawakawa mzima wengi wanamjua. Mtoto wake ni kidudu cheusi chenye miiba, kama mamba mdogo, na ndiye anayekula vidukari kwa pupa. Wakulima wengi humuua wakidhani ndiye mharibifu. Tunza matokeo, kwa kuwa mtihani huohuo utarudiwa mwisho wa msimu.

Udongo: somo la jembe, bilauri na kopo

Hapa usiwe na haraka. Mkulima akishaona udongo wake kwa namna mpya, masomo yaliyobaki hujivuta yenyewe.

Chimba shimo la sentimita 30 hivi katikati ya shamba, kisha jingine chini ya ua au mti ambapo hapajalimwa kwa muda mrefu. Toa kipande kizima cha udongo kutoka kila shimo, uviweke juu ya gunia, bega kwa bega. Usielezee. Waache waviguse, wavinuse, wavivunje. Waulize mizizi imefika wapi. Mara nyingi mizizi ya shambani hushuka, kisha ghafla hukunja na kwenda upande, kwenye kina kilekile ambapo jembe huishia kila mwaka. Hilo ni tabaka gumu, na wakulima wakiligundua wenyewe huwa hawalisahau. Hesabuni nyungunyungu katika kila kipande.

Jaribio la pili linahitaji bilauri mbili za kioo na maji. Chukua mabonge mawili makavu yenye ukubwa wa kidole gumba, moja la shambani na moja la chini ya mti, uyatumbukize taratibu. Udongo wenye mabaki ya viumbe hushikamana kwa dakika nyingi. Udongo uliochoka husambaratika na kugeuza maji kuwa uji. Uliza: "Mvua kubwa ikinyesha, nini kinatokea juu ya shamba lako?" Nyamaza usubiri.

La tatu ni kopo lililotobolewa pande zote mbili. Lishindilie sentimita chache ardhini, mimina maji ya kiasi kilekile shambani na chini ya mti, mhesabu muda yanaochukua kuzama. Mkulima anayelalamika kwamba mvua hazitoshi anaweza kushangaa kuona sehemu ya mvua hizo inavyomkimbia.

Ukiweza kupata kipimo cha maabara, hasa cha uchachu wa udongo, kipate. Udongo wenye uchachu mkali huzuia fosforasi isifike kwenye mimea, na mboji pekee huchukua muda mrefu kuurekebisha. Chokaa ya kilimo na mawe ya fosfati yaliyosagwa vinakubalika kwenye kilimo hai kwa kuwa ni madini ya kuchimbwa. Wakulima wengi hawajui hilo, na wakufunzi kadhaa pia.

Mboji, na hesabu ambayo wengi huiruka

Somo hili lifanyike wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kupanda, la sivyo mboji itakuwa tayari zao likiwa limeshakomaa. Kila mkulima aje na mzigo wa kile kilichopo kwake: mabua, majani makavu, majani mabichi, samadi, magugu ambayo hayajatoa mbegu. Kile ambacho hakuna aliyekileta hakipatikani kwa urahisi katika eneo hilo, na kujua hilo peke yake ni somo.

Vijidudu vinavyoozesha vinataka kaboni na nitrojeni kwa uwiano wa sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Usiwape wakulima namba hizo. Waambie: mikono miwili au mitatu ya vitu vikavu vya rangi ya udongo kwa mkono mmoja wa vitu vibichi au samadi. Katakata mabua yawe mafupi kuliko kiganja. Tandika vijiti vinene chini ili hewa ipite, kisha panga tabaka: vikavu, vibichi, samadi, udongo kidogo, na kila tabaka linyunyiziwe maji. Lundo lisipungue mita 1 kila upande, kwa sababu dogo zaidi ya hapo halitunzi joto. Likizidi mita 1.5 kwenda juu, katikati hukosa hewa. Funika kwa nyasi au majani mapana.

Chomeka fimbo ndefu hadi katikati uiache humo. Ndiyo kipimajoto. Baada ya siku tatu hadi tano ichomoe: ikiwa moto kiasi cha kukufanya uiachie haraka, lundo linafanya kazi. Joto zuri ni nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Fimbo ikitoka baridi na kavu, lundo linahitaji maji. Ikitoka baridi na imelowa, likinuka mayai viza, maji yamezidi na hewa haipo: ligeuze, uongeze vitu vikavu. Harufu kali ya mkojo ina maana ya vitu vibichi kupita kiasi. Unyevu wenyewe pimeni kwa kukamua konzi moja: matone mawili matatu yatoke kati ya vidole, yasichuruzike.

Geuza baada ya wiki mbili au tatu, vya nje viende ndani, na urudie kila joto linaposhuka. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inanuka kama udongo wa msituni, na haipati moto tena hata ukiigeuza. Kabla ya kuipeleka shambani, panda maharage machache kwenye kopo la mboji iliyochanganywa na udongo. Kama majani machanga yanajikunja ovyo, acha kuitumia. Ziko dawa za kuua magugu zinazopita tumboni mwa mnyama bila kuharibika, zikabaki kwenye samadi yake, na maharage na nyanya ndiyo ya kwanza kuzionyesha.

Sasa hesabu. Lundo la mita 1 kwa 1 kwa 1 hubaki karibu nusu likiiva, labda kilo 300. Kumwaga mboji kwa kiwango cha tani 5 kwa hekta ni kama tani 2 kwa ekari, yaani malundo saba hivi kwa kila ekari, kila msimu. Fanyeni hesabu hiyo pamoja chini ya mti. Watanyamaza. Ni afadhali wanyamaze siku hiyo kuliko kukata tamaa wiki ya tano wakiwa peke yao. Kisha jadilini njia za kupunguza mzigo: mboji iingie kwenye mashimo tu, konzi moja au mbili kila shimo, bustani ya mboga ipewe kwanza, na rutuba iliyobaki ioteshwe palepale shambani kwa mikunde na mbolea ya kijani, yaani mimea inayopandwa ili ifukiwe. Majani ya alizeti mwitu, yale maua ya njano yanayojiotea kando ya barabara, yana nitrojeni ya asilimia 3.5 hivi ya uzito mkavu na potasiamu nyingi. Yakikatwa na kufukiwa mabichi huoza upesi.

Kuhusu samadi, wengi huipoteza kabla haijafika shambani. Jua hufukuza nitrojeni, mvua huiosha. Paa la nyasi juu ya lundo na matandiko yanayonyonya mkojo zizini huongeza rutuba bila kuongeza mnyama hata mmoja. Samadi mbichi isitumike ovyo kwenye mboga: kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuitia na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyougusa. Hata kama huuzi Marekani, ni kipimo kizuri kwa afya ya mlaji.

Mteremko

Kama mashamba yana mteremko, tengeneza fremu A, kipimio cha usawa chenye umbo la herufi A, siku hiyohiyo: miti miwili ya mita 2 hivi, mmoja wa kuvukisha katikati, kamba na jiwe likining'inia kutoka kileleni. Simamisha, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Kwa chombo hicho kikundi kinaweza kupima kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, za shamba zima asubuhi moja. Chimba mtaro, udongo utupe upande wa juu, panda majani ya malisho juu ya tuta. Ndiyo "fanya juu", na hata vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo vinaliita kwa Kiswahili chetu.

Mazao na majirani zao

Mzunguko wa mazao ufundishe kwa koo. Nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ndugu wa ukoo mmoja, wanarithishana magonjwa, kwa hiyo kupanda nyanya baada ya viazi si kubadilisha zao. Mkulima anaelewa ukoo kuliko jina la Kilatini.

Kwa mikunde, ng'oeni mmea mmoja wa kunde au maharage unapoanza kutoa maua, mkate vinundu vya mizizi kwa ukucha. Ndani kukiwa kwekundu au kwa waridi, bakteria wanatengeneza nitrojeni. Kukiwa kweupe au kwa kijani, kazi haifanyiki. Marejea, mukuna, fiwi na mbaazi kila kimoja kina mahali pake, lakini anzeni na kile kinacholiwa. Mbolea ya kijani isiyotoa chakula ni ngumu kuiuza kwa mwenye shamba dogo, na simlaumu.

Kwenye mahindi au mtama wenye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya zao, na funza wa mabua, ionyesheni mbinu ya sukuma-vuta. Ilibuniwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde unaopandwa kati ya mistari, hutoa harufu inayowafukuza nondo wanaozaa funza hao, na mizizi yake hufanya mbegu za kiduha zife bila kushika mahindi. Majani ya malisho pembezoni huwavuta nondo wakatage mayai huko. Mkulima mwenye ng'ombe hupata malisho kutoka pande zote mbili, na mara nyingi hilo ndilo linalomshawishi.

Wadudu: macho kabla ya bomba

Kila wiki, vikundi vya watu watano vichague mimea kumi bila upendeleo, viihesabu wadudu, majani yaliyoharibika, hali ya hewa na unyevu. Kisha wachore walichoona kwenye karatasi kubwa: mmea katikati, maadui upande mmoja, marafiki upande wa pili. Ndipo waamue: tufanye nini wiki hii? Mara nyingi jibu ni "tusifanye kitu, tuangalie tena." Mkufunzi asiwe mwepesi kujibu maswali. Akiulizwa "huyu ni mdudu gani?", aulize "mlimkuta wapi, alikuwa anafanya nini?"

Bustani ya wadudu hufanya kazi kuliko maneno. Weka buibui na vidukari kwenye chupa moja yenye tawi na kitambaa chenye matundu juu, mrudi baada ya siku mbili kuhesabu waliobaki.

Dawa za mimea ziwe hatua ya mwisho. Mbegu za mwarobaini zilizomenywa na kutwangwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, zilowekwe usiku kucha, zichujwe, ziongezewe sabuni kidogo ili zishike majani. Pulizia jioni, siku hiyohiyo, kwa sababu jua huivunja upesi nguvu yake. Haimuui mdudu papo hapo. Inamzuia kula na kukua, na mkulima asiyeambiwa hilo atasema dawa imeshindwa.

Na hapa lazima uwe mkali: cha asili si lazima kiwe salama. Maji ya tumbaku yamesambazwa kwenye mafunzo mengi kama dawa ya kienyeji, ilhali nikotini ni sumu inayopenya ngozi, na viwango vingi vya kilimo hai vinaikataza.

Daftari

Kila mmoja awe na daftari, au mtoto wa nyumbani amwandikie. Yaandikwe mambo manne tu: tarehe, kazi, saa na watu, fedha iliyotoka au kuingia. Mwisho wa msimu mhesabu vipande vyote viwili vya shamba darasa, nguvu kazi ya familia ikiwemo. Kilimo hai hula saa nyingi, na saa hizo mara nyingi ni za mwanamke. Kama faida yote imetokana na yeye kubeba samadi ndoo kwa ndoo alfajiri, jadilini toroli kabla ya kujadili kuongeza eneo.

Cheti

Anayeuza kwa majirani wanaomjua hahitaji cheti cha kilimo hai. Anayetaka soko la mbali atakutana na kipindi cha mpito, yaani muda wa kulima kwa kanuni za kilimo hai kabla mazao hayajauzwa kwa jina hilo: Umoja wa Ulaya unataka miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu na miaka 3 kabla ya kuvuna ya kudumu, Marekani miezi 36. Mkaguzi wa nje ni ghali kwa mtu mmoja, ndiyo maana kuna cheti cha kikundi. Kanuni ya Ulaya 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022, inataka kikundi kiwe chombo kinachotambulika kisheria, kisichozidi wanachama 2,000, chenye mfumo wake wa ndani wa ukaguzi. Kwa soko la ndani upo uhakiki shirikishi, ambapo wakulima na walaji hukaguana wenyewe kwa taratibu walizokubaliana.

Uchafuzi unaowaponza wakulima wadogo hutoka mahali pasipofikiriwa: bomba la kupulizia lililoazimwa kwa jirani, gunia lililobeba mbolea ya viwandani, ghala lililonyunyiziwa dawa ya wadudu wa nafaka. Nunueni bomba moja la kikundi, lipakwe rangi tofauti, lisitoke kwenye kikundi.

Baada ya kuvuna

Pimeni mavuno ya vipande vyote viwili kwa mzani uleule mbele ya watu, hata kama kipande cha kilimo hai kimeshindwa. Hasa kikiwa kimeshindwa. Rudieni sanduku la kura, mlinganishe na lile la mwanzo. Kisha fanyeni siku ya wakulima na uwaalike majirani, lakini usishike kipaza sauti: mkulima mmoja aeleze udongo, mwingine mboji, mwingine wadudu. Atakayeeleza vizuri na kuulizwa maswali mengi ndiye wa kumwandaa awe mwezeshaji wa kikundi kijacho.

Msimu wa pili nenda mara moja kwa mwezi, wa tatu mara mbili tu. Ukifika, usiombe kuonyeshwa shamba darasa, maana litakuwa limefagiliwa kwa ajili yako. Omba kwenda nyuma ya nyumba, palipo na lundo, na uchomoe fimbo.